Pipa la Unga: Historia ya Dhamana ya Mzigo Uangukao Ghalani

Wahenga walisema kuwa ajali haina kinga. Neno hili hutamkwa penye msiba, na penye msiba lina kazi yake njema: humliwaza aliyefikwa, na huwazuia jirani wasiongeze uchungu kwa kutafuta wa kulaumiwa. Lakini wahenga hao hao walisema pia tahadhari kabla ya athari, na neno hili la pili haliwezi kuwa na maana ikiwa lile la kwanza ni kweli kwa kila jambo. Mtu apigwaye na radi njiani, na mtu aangukiwaye na gunia la sukari mlangoni pa ghala, wote wawili husemwa kuwa wamepata ajali. Walakini radi haina mwenyewe, na gunia lina mwenyewe. Yupo aliyelinunua, yupo aliyeagiza liwekwe mahali pale, na yupo aliyelipandisha. Kuzipambanua ajali hizi mbili ni kazi nyepesi katika mazungumzo. Katika historia ya sheria na ya kazi ilichukua zaidi ya miaka mia moja.

Historia ya kuzuia bidhaa zisianguke katika maghala aghalabu husimuliwa kama historia ya vyombo: kabari, kamba, nguzo za chuma, pini na nyavu. Masimulizi hayo ni ya kweli, bali ni nusu ya habari. Nusu ya pili, nayo ndiyo iliyotangulia, ni historia ya swali: kitu kikianguka, na aliyeangukiwa hakuona sababu yake, ni nani apaswaye kutoa maelezo? Muda wote ambao majeruhi alitakiwa athibitishe asichoweza kukijua, mwenye ghala hakuwa na haja kubwa ya kuzikagua kabari zake. Jibu lilipogeuka, ukaguzi ukawa na thamani kwake pia. Habari ya mgeuko huo yapatikana katika barabara moja ya mji wa Liverpool, Uingereza, na katika pipa moja la unga.

Liverpool ya katikati ya karne ya 19 ilikuwa moja ya bandari kubwa za dunia. Pamba, sukari, tumbaku na nafaka zilipakuliwa hapo, na maghala yalijengwa kwenda juu, orofa juu ya orofa. Ghala la namna hiyo lilikuwa na milango katika ukuta wa mbele, mmoja juu ya mwingine, na juu kabisa palitokeza boriti yenye kapi na kamba. Mzigo ulivutwa kutoka garini ukaingizwa orofani, na siku ya kuuzwa ukateremshwa kwa njia ile ile. Ndani, bidhaa zilipangwa juu ya sakafu: magunia kwa safu zilizopishana kama matofali ya ukuta, na mapipa yaliyolazwa yakazuiwa kwa kabari za mti, kwani pipa lililolazwa hubingirika likipata nafasi ndogo tu. Kazi hiyo ilikuwa na elimu yake. Nahodha wa jahazi wa pwani ya Afrika Mashariki angaliitambua mara moja, maana yeye naye ajua kuwa mzigo mzito hukaa chini, kwamba mapengo sharti yajazwe, na kwamba shehena isiyobanwa huhama bahari ichafukapo.

Wala haikuwa kwamba watu wa zama zile hawakujua kukinga. Maghala ya Gati ya Albert, yaliyosanifiwa na mhandisi Jesse Hartley na kufunguliwa mwaka 1846, yalijengwa kwa matofali, mawe na chuma bila ya mihimili ya mbao, ili bidhaa zisiteketee kwa moto. Mwaka 1848 yaliwekewa mashine za kupandisha mizigo kwa nguvu za maji. Wenye mali walikinga kile walichokihesabu kuwa hasara yao. Bidhaa ikiungua, hasara ilikuwa ya mfanyabiashara, na hesabu yake ilijulikana. Mtu akiangukiwa na bidhaa, hasara ilikuwa ya nani?

Kwa mtu wa kazi, mahakama zilikwisha kulijibu swali hili, na jibu lilikuwa kali. Charles Priestley alikuwa mtumishi wa mwuza nyama aitwaye Thomas Fowler. Aliagizwa kusafiri na gari la bwana wake lililochukua bidhaa. Gari lilikuwa limezidishiwa mzigo, likavunjika, naye akavunjika paja. Mwaka 1836 juri ya Lincoln ilimpa fidia ya paundi 100. Mwaka 1837, katika Mahakama ya Exchequer, Lord Abinger na wenzake waliitengua hukumu ile. Hoja yao ilikuwa kwamba bwana akitiwa dhamana kwa jambo hili, hapatakuwa na mpaka: atadaiwa kwa kosa la mpishi, la mtengeneza gari, na hata la kijakazi aliyemlaza mwenzake katika kitanda chenye unyevu. Tena, walisema, mtumishi alikuwa na uwezo sawa na bwana wake, au kupita bwana wake, wa kujua kuwa gari limelemewa, na hakuna aliyemlazimisha kupanda.

Hoja hiyo ya mwisho yastahili kuangaliwa, kwa sababu ndani yake mna kosa lililodumu muda mrefu. Ilimchukulia mtumishi kuwa mtu huru apimaye mzigo kwa macho yake, kisha akachagua ama kupanda ama kukataa. Haikuuliza mtu huyo angekula nini kesho yake kama angekataa. Kutokana na hukumu hiyo ilikua kanuni ya ajira ya pamoja, yaani kwamba mfanyakazi aliyeumizwa na kosa la mfanyakazi mwenziwe hana dai juu ya mwajiri wao. Katika ghala, ambamo karibu kila mzigo huwekwa na mkono wa mfanyakazi fulani, kanuni hiyo ilifunga mlango karibu wote.

Mlango mwingine ulifunguliwa na mpita njia. Siku moja ya mwezi wa Julai mtu aliyeitwa Byrne alikuwa akipita katika Scotland Road, Liverpool, karibu na duka la Boadle, mfanyabiashara wa unga. Kutoka dirisha la juu likaanguka pipa la unga, likampiga begani na kumwangusha. Byrne mwenyewe hakuwa na mengi ya kuiambia mahakama. Alisema kuwa njia ilikuwa wazi, hakuona cha kumtahadharisha, wala hakuhisi pigo. Alipoteza fahamu, akarudishwa nyumbani kwa gari, akakaa wiki mbili bila ya kujiweza. Shahidi mmoja alisema hakuliona pipa mpaka lilipompiga. Hakudhani kuwa lilikuwa likiteremshwa kwa kamba, ila hakuweza kusema kwa yakini. Mwingine aliliona likianguka, asijue lilivyoanza kuanguka. Hapakuwa na sauti ya kuonya mpaka jambo lilipokwisha.

Mbele ya mahakama ya Liverpool hoja ya mdaiwa ilikuwa nyepesi kueleweka, na kwa sura yake ilikuwa ya haki. Adaiye sharti athibitishe. Byrne alidai kuwa palikuwa na uzembe. Basi na aseme ni uzembe gani, wa nani, na wa saa ngapi. Je, kamba ilikatika? Je, pipa lilisukumwa? Je, aliyelishughulikia alikuwa mtumishi wa Boadle, ama mnunuzi aliyekuja kuchukua mali yake? Byrne hakuwa na jibu hata moja. Hakimu alikubaliana na hoja hii, akamnyima Byrne ushindi. Lakini juri iliombwa itaje kiasi cha fidia endapo mahakama ya juu ingeona vinginevyo, nayo ikataja paundi 50.

Shauri lilifika katika Mahakama ya Exchequer, ile ile iliyomnyima Priestley fidia yake, na tarehe 25 Novemba 1863 likaamuliwa. Mkuu wa majaji wa mahakama hiyo alikuwa Sir Frederick Pollock, mzee wa miaka 80. Aliona kuwa ni jambo lisiloingia akilini kumtaka mtu aliyepigwa na pipa barabarani aende kuwatafuta mashahidi kutoka ndani ya ghala la mtu aliyemdai. Pipa haliwezi kutoka ghalani likaanguka njiani isipokuwa pana uzembe wa namna fulani. Ikiwa kuna maelezo mengine yasiyo ya uzembe, mwenye kuyajua ni mwenye ghala, na ni juu yake kuyatoa. Pollock alisema pia kwamba kitu chenye kuweza kudhuru kikiwekwa mahali pasipo pake na kikaleta madhara, wale ambao wajibu wao ulikuwa kukiweka mahali pake ndio wahesabiwao kwanza kuwa wenye dhamana. Katika mazungumzo hayo alitumia maneno matatu ya Kilatini ambayo yamefundishwa katika vyuo vya sheria tangu siku hiyo: res ipsa loquitur, jambo lenyewe lasema. Byrne akapata paundi zake 50.

Ni rahisi kuikuza hukumu hii kupita kiasi. Haikusema kuwa kila mwenye ghala ni mkosaji, wala haikumfungia njia ya kujitetea. Ilichofanya ni kuhamisha mzigo wa maelezo kutoka kwa asiyejua hadi kwa ajuaye, au kwa yule ambaye kama hajui ilimpasa ajue. Hapo ndipo ilipo nguvu yake. Kabla ya hapo, mwenye ghala asiyeweka kumbukumbu, asiyekagua kamba, asiyeuliza nani aliweka nini wapi, alifaidika kwa ujinga wake mwenyewe: kadiri habari zilivyokuwa chache ndivyo mdai alivyoshindwa. Baada ya 1863 ujinga huo ulianza kuwa hasara. Aliyetaka kujitetea alihitaji kuweza kusema: kamba ilikaguliwa, kabari zilikuwapo, watu walionywa.

Miaka miwili baadaye kanuni ilipewa mipaka yake. Ofisa wa forodha aitwaye Scott alikuwa akipita mbele ya mlango wa ghala katika bandari ya London, magunia 6 ya sukari yaliyokuwa yakiteremshwa kwa winchi yakamwangukia. Katika hukumu ya mwaka 1865 Jaji Mkuu Erle alitaja masharti mawili. La kwanza, kitu kilichodhuru kiwe chini ya mamlaka ya mdaiwa au watumishi wake. La pili, tukio liwe la namna isiyotokea kwa kawaida ikiwa wenye mamlaka hayo wametumia uangalifu upasao. Yakiwapo haya mawili, na mdaiwa asipotoa maelezo, tukio lenyewe ni ushahidi wa kutosha kwa kuanzia. Maneno haya yakazidi kuwa maarufu kuliko gunia lenyewe, na yakafanywa kipimo katika mahakama za nchi nyingi zilizofuata sheria ya Kiingereza.

Hata hivyo, Byrne alikuwa mpita njia na Scott alikuwa ofisa wa serikali. Lau pipa la Boadle lingaliangukia ndani na kumvunja bega mtumishi wa Boadle kwa kosa la mtumishi mwenziwe, mtumishi huyo angalikutana na kanuni iliyotokana na shauri la 1837, na jambo lenyewe, hata lingesema kwa sauti kubwa namna gani, lisingalisikilizwa. Pipa lilikuwa moja, dirisha moja na bwana mmoja. Tofauti ilikuwa upande wa ukuta aliosimama aliyeumia. Sheria ilimlinda kwanza yule apitaye karibu na ghala kwa dakika moja, ikachelewa kumlinda ashindaye humo mchana kutwa.

Ukuta huo ulibomolewa tofali baada ya tofali. Sheria ya mwaka 1880 iliruhusu madai ya wafanyakazi kwa baadhi ya makosa, hasa ya wasimamizi waliopewa mamlaka juu yao. Sheria ya fidia ya mwaka 1897 ilikwenda mbali zaidi: iliwapa wafanyakazi wa kazi zilizotajwa, na miongoni mwake zilikuwamo za gati na maghala, fidia ya kuumia kazini bila ya kutakiwa kuthibitisha kosa la mwajiri. Mwaka 1937 Baraza la Malords, katika shauri la mchimba makaa wa Scotland, lilitamka kuwa mwajiri ana wajibu wake mwenyewe, asioweza kumtupia mwingine, wa kuweka watu wenye ujuzi, vyombo vifaavyo na utaratibu salama wa kazi. Mwisho, mwaka 1948, Bunge la Uingereza liliifuta kabisa kanuni ya ajira ya pamoja. Ilikuwa imepita miaka 111 tangu hukumu ya Priestley.

Wakati haya yakitendeka, sheria ya Kiingereza ilikuwa imekwisha kuvuka bahari. Katika nchi za Afrika Mashariki zilizotawaliwa na Waingereza iliamriwa kuwa mahakama zifuate misingi ya sheria hiyo kama ilivyokuwa katika tarehe fulani: kwa Zanzibar, tarehe 7 Julai 1897, kwa Kenya, tarehe 12 Agosti 1897, kwa Tanganyika, tarehe 22 Julai 1920. Kwa njia hii pipa la Scotland Road liliingia Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Liliingia katika vitabu vya mawakili, kwa Kiingereza na Kilatini. Makuli waliobeba magunia ya karafuu, kahawa na katani walisema Kiswahili, na Kiswahili chao kilikuwa na methali tayari kwa ajili ya gunia liangukalo. Sheria ilishika kuwa jambo lenyewe lasema. Ila halikusema kwa lugha ya waliosimama chini yake. Mtu asiyejua kuwa ana haki ya kupewa maelezo hayaombi. Huuguza bega lake na kusema kuwa ajali haina kinga.

Karne ya 20 ilibadili pia umbo la ghala. Mwaka 1917 kampuni ya Clark, katika mji wa Buchanan, jimbo la Michigan, Marekani, ilitengeneza kigari cha kuchukulia vifaa ndani ya kiwanda chake, na wageni waliokiona wakataka chao. Kutokana na vigari vya namna hiyo ilizaliwa foklifti, yenye vyuma viwili mbele kama mikono, iwezayo kunyanyua mzigo na kuupandisha. Vita Kuu ya Pili vilieneza matumizi ya paleti, yaani jukwaa dogo la mbao ambalo chini yake mikono ile hupita. Mwaka 1947 Demetrius Comino, mhandisi aliyezaliwa Australia katika ukoo wa Kigiriki na mwenye kiwanda cha uchapaji London, alitoa vyuma vyenye matundu alivyoviita Dexion. Kwa vyuma hivyo mtu aliweza kuunga rafu kwa bolti, kuivunja, na kuiunga tena kwa kimo kingine bila ya seremala.

Mambo haya yalipokutana, ghala liliacha kuwa jengo la orofa nyingi, likawa ukumbi mmoja mrefu wenye rafu za chuma zilizopanda mpaka karibu na paa. Uchaga wa kuhifadhia nafaka, ambao kila mkulima aujua, ulikuwa umekuwa mnara. Na hatari ilibadilika pamoja na umbo. Zamani bidhaa zilianguka kwa sababu zilipangwa vibaya au kamba ilikatika. Sasa paleti yenye uzito wa tani moja hukaa juu ya boriti mbili za chuma, na boriti hizo hushikiliwa na nguzo nyembamba ambazo foklifti hupita kando yake mchana kutwa. Dereva akiigonga nguzo leo, huenda hakianguki kitu. Chuma hupinda kidogo, kazi huendelea, na paleti huanguka mwezi mwingine, mbele ya mtu mwingine.

Kwa nini kupinda kidogo kuwe jambo kubwa? Jibu lilikwisha kutolewa mwaka 1744 na Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi. Nguzo nyembamba iliyobebeshwa mzigo haishindwi kwa kupondeka bali kwa kupinda ghafula, na nguvu yake ya kukataa kupinda hupungua kwa mraba wa urefu usioshikwa: urefu ukiwa mara mbili, nguvu hubaki robo. Nguzo iliyokwisha kupinda imeianza safari hiyo kabla ya wakati. Basi mwenye kuondoa boriti ya chini ili apate nafasi ya mashine ndefu, akidhani kuwa amepunguza chuma tu, ameurefusha urefu usioshikwa wa nguzo na kuidhoofisha rafu nzima hadi juu. Matundu yaliyorahisisha kubadili rafu yalirahisisha pia kuiharibu bila ya kujua.

Kinga zilizobuniwa zafuata sababu hizi moja baada ya nyingine. Ili boriti isichomoke foklifti iinyanyuapo kwa bahati mbaya, hutiwa pini ya kuifunga katika nguzo. Ili rafu isipinduke, miguu yake hufungwa sakafuni kwa bolti. Ili nguzo isigongwe, huwekewa kizuizi cha chuma mbele yake. Ili bidhaa isisukumwe ikaanguka upande wa pili, nyuma hutiwa wavu au boriti ya kuzuia. Ili paleti isiporomoke yenyewe, mbao zilizovunjika hukataliwa mlangoni, na makasha hufungwa pamoja kwa utepe au karatasi ya nailoni. Ili mzigo usizidi, kibao hutundikwa kinachotaja uzito ambao kila boriti na kila fremu yaweza kubeba. Nchini Marekani kanuni zilizofuata sheria ya usalama kazini ya mwaka 1970 zilitaka magunia na makasha yapangwe, yazuiwe, yashikamanishwe na yawekewe mpaka wa kimo, yasiteleze wala kuporomoka. Hayo ni mambo manne ambayo mpanga mapipa wa Liverpool angaliyakubali yote.

Lakini jambo lenye uzito zaidi katika kanuni za siku hizi halimo katika chuma. Kanuni ya Ulaya iliyotolewa mwaka 2008, ihusuyo matumizi na utunzaji wa rafu za chuma, ilitaka kila ghala liwe na mtu mmoja aliyetajwa kuwa ndiye mwenye dhamana ya usalama wa rafu. Ilitaka rafu zitazamwe kila wiki, na mtaalamu azikague angalau mara moja kila miezi 12. Tena ilitoa kipimo ambacho mtu yeyote mwenye rula ya mita moja aweza kukitumia: rula ikiegemezwa nguzoni, pengo lisizidi milimita 5 ikiwa nguzo imepinda kuelekea upande wa boriti, wala milimita 3 ikiwa imepinda kuelekea kina cha fremu, kwa vyuma vya mshazari mpaka ni milimita 10. Pengo likiwa ndani ya mipaka, rangi ni kijani. Likizidi mpaka bila ya kufika mara mbili yake, rangi ni ya manjano: bidhaa zikishaondolewa hazirudishwi mpaka chuma kitengenezwe, na zikipita wiki nne bila ya matengenezo huhesabiwa kuwa nyekundu. Likizidi mara mbili, rangi ni nyekundu, na rafu huondolewa mzigo papo hapo.

Ukizitazama taratibu hizi kwa makini, utaona ndani yake maswali yale yale ya Pollock na ya Erle. Kitu kilikuwa chini ya mamlaka ya nani? Je, uangalifu upasao ulitumika? Tofauti ni wakati wa kuuliza. Mahakama iliuliza baada ya bega kuvunjika. Mkaguzi mwenye rula auliza kabla. Daftari lake ni maelezo yaliyotolewa mapema, siku ambayo hapana bado aliyeumia. Mtu aliyetajwa jina hawezi kusema kuwa hakujua, na kwa sababu hawezi kusema hivyo, hutembea kila wiki kati ya rafu na kutazama.

Wala mpita njia hakutoweka katika habari hii. Katika miji mingi pamezuka maduka makubwa ambayo ni ghala na duka pamoja: mnunuzi asukuma kigari chake chini ya bidhaa zilizopandishwa kwa foklifti. Tarehe 17 Januari 1994, saa 10 na dakika 31 za alfajiri, tetemeko la ardhi lilipiga Northridge, California. Katika baadhi ya maduka ya namna hiyo rafu zilianguka na bidhaa zikamwagika katika njia za wanunuzi. Ilikuwa alfajiri, na wanunuzi walikuwa bado vitandani. Lingalitokea mchana, akina Byrne wangalikuwa wengi. Mwaka 2005 idara ya serikali ya Marekani ya kushughulikia maafa ilitoa mwongozo mahsusi juu ya rafu za chuma zilizo mahali ambapo watu wote huingia.

Afrika Mashariki nayo ilitunga sheria zake. Tanzania Bara ilipitisha sheria ya usalama na afya mahali pa kazi mwaka 2003, Zanzibar mwaka 2005, na Kenya mwaka 2007. Zote zilimtwika mwajiri wajibu wa kukinga, wala hazikungoja majeruhi aende mahakamani. Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Badiliko hilo lina maana kwa ghala pia. Kibao cha uzito kilichoandikwa kwa lugha ambayo mpakizi haisomi ni pambo; na haki ya kuelezwa ambayo mwenye haki hajapata kuisikia katika lugha yake ni haki ya kitabuni. Kuyatafsiri maneno res ipsa loquitur ni kazi ya dakika moja. Kuyafanya yawe mali ya mpakizi, kiasi kwamba akiiona nguzo iliyopinda aweze kukataa kupita chini yake bila ya kuogopa kufukuzwa, ni kazi kubwa zaidi, na ndiyo iliyokuwa imebaki tangu Lord Abinger alipomwambia Priestley kuwa hakulazimishwa kupanda.

Methali ya wahenga haina haja ya kufutwa. Radi bado hupiga, na ardhi bado hutetemeka. Kwa hayo, ajali haina kinga ni neno la kweli na la rehema. Ila neno hilo lilikuwa ni la kumfariji mtu aliyefikwa, wala halikuwekwa liwe utetezi wa mwenye ghala. Palipo na boriti iliyofungwa na mtu, mzigo uliopandishwa na mtu, na nguzo iliyogongwa na mtu akanyamaza, hapo mna kinga, na mna mwenye kuulizwa. Byrne hakujua kilichompiga. Aliyepaswa kujua alikuwa juu, dirishani, na haki ilianza siku alipotakiwa aseme.